Chaja Iko kwa Soketi, na Betri Bado Inakufa

Jumamosi moja usiku nilikuwa natoa video ya harusi kwa programu, job ya watu wa Lanet ambao walikuwa wamelipa nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa inakuja wakishaona video Jumapili kabla ya kanisa, na hiyo nusu ndiyo ilikuwa rent yangu. Laptopu iko kwa soketi. Ile alama ndogo ya plagi inaonekana hapo chini. Nilianza betri ikiwa asilimia 80. Saa moja na dakika kumi baadaye nikaangalia tena: 26. Na stima haikuwa imepotea hata sekunde moja.

Nilibadilisha soketi. Nikatoa ekstensheni. Nikazima, nikawasha. Wiki hiyo hiyo fundi mmoja alikuwa ameshaniambia betri imekufa, nilete 4,500 aniwekee mpya, na manze saa sita usiku nilianza kumwamini.

Sasa, guka yangu alikuwa amekuja kwetu kutoka Bahati kwa sababu ya kliniki, na wazee hawalali. Akauliza ni nini inanisumbua. Nikamwambia, guka, mashine iko kwa stima lakini betri inaisha. Akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo hakuna fundi alikuwa ameniuliza: "Hiyo kamba inaleta ngapi, na hiyo mashine inakula ngapi?"

Sikuwa na jibu. Na nikaona kitu ambacho nataka tuongee leo: hii shida ni mpya kihistoria. Guka hangeweza kuipata kwa vitu alivyokuwa navyo. Betri inayoisha ikiwa kwa chaja inahitaji mashine inayokula na kulishwa wakati mmoja, na kwa miaka mingi watu wetu hawakuwa na kitu kama hicho nyumbani.

Anza na mawe. Kama ulilelewa na mtu wa kijiji unajua mawe ya redio, mawe ya tochi. Mfaransa Georges Leclanché ndiye aliyetengeneza babu ya hayo mawe mwaka 1866, zinki na kaboni, wakati huo yakiwa na maji ndani ya chupa. Baadaye yakafanywa makavu ili yabebeke. Sisi hapa tuna haki ya kuringa kidogo: kuanzia 1967 Nakuru ilikuwa na kiwanda cha Eveready, na yale mawe makubwa ya redio yenye picha ya paka yalikuwa yanatoka hapa hapa mtaani kwetu kwenda nchi nzima na majirani. Kampuni ikaingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2006. Kufikia 2014 kiwanda kikafungwa, kampuni ikaanza kuleta betri kutoka nje. Betri za bei rahisi kutoka nje zilikuwa zimejaa, gharama ya kutengeneza hapa ilikuwa juu, na ukiniuliza mimi, simu na taa za sola zilikuwa tayari zimeanza kula lile jiwe kubwa polepole. Kuna watoto wa Nakuru leo hawajui tuliwahi kutengeneza betri. Hiyo inaniuma kuliko hata hiyo laptopu.

Lakini rudi kwa jiwe. Jiwe linajua njia moja tu: kutoka. Likiisha, limeisha. Watu waliyaanika juani, wengine waliyauma kwa meno ili yasukume habari za saa moja zimalizike, lakini hakuna mtu aliyeyachomeka ukutani. Ukiona redio inaanza kuongea kama imelewa, hakuna siri, jiwe limechoka.

Baada ya mawe ikaja betri ya gari. Hii ni ya risasi na asidi, ya Mfaransa mwingine, Gaston Planté, mwaka 1859, kwa hivyo kusema ukweli ni mzee kuliko jiwe. Hii inaweza kujazwa tena. Olkaria ilianza kutoa stima ya mvuke mwaka 1981, kufikia 1985 ilikuwa megawati 45, hapo tu Naivasha, lakini nyaya zilipita juu ya mashamba ya watu wengi bila kushuka. Kwa hivyo Bahati ya guka, TV ilikuwa Great Wall ya black and white, na betri ya gari chini ya meza. Ikiisha unaifunga kwa karia ya baiskeli unapeleka senta, unamlipa mwenye chaja, unairudia kesho yake. Na usiku huo hakuna TV.

Unaona? Kuchaji kulikuwa safari. Betri ilikuwa ama senta inajazwa, ama chini ya meza inaliwa. Haingekuwa mahali pawili.

Guka anakumbuka tarehe 1 Julai 1990, robo fainali ya Kombe la Dunia, Kameruni na Uingereza. Nyumba imejaa majirani. Uingereza walitangulia, Kameruni wakasawazisha kwa penalti, halafu Ekeke akafunga, 2-1, watu wakaruka, na hapo hapo picha ikaanza kujikunja kutoka pembeni hadi ikabaki nukta moja nyeupe. Redio? Mawe yalikuwa yamekufa wiki hiyo. Guka akalala akijua Afrika iko nusu fainali. Asubuhi akapata ukweli kwa mtu wa maziwa.

Gari lenyewe ndilo lililotangulia kufanya kazi zote mbili. Altaneta inajaza betri huku taa na muziki zinaila. Muulize fundi wa waya yeyote pale steji kuhusu zile mathree zenye spika kama disko: injini inanguruma, betri inaisha hivyo hivyo, kwa sababu altaneta inaleta kidogo na muziki unakula kingi. Hiyo ndiyo laptopu yangu, basi tu haina makanga.

Sony waliuza betri ya kwanza ya lithiamu-ioni mwaka 1991, na watu watatu waliojenga msingi wake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Nobel mwaka 2019. Ni betri nyepesi, inakubali kujazwa na kuliwa bila kutoka ndani ya mashine. Safari ya senta ikaisha. Badala yake tukapewa alama ndogo ya plagi, na sisi tunaisoma kama "inajaa", ilhali yenyewe inasema tu "nimechomekwa".

Tukageuza laptopu. Stika ya chini inasema volti 19.5, ampia 3.33. Zidisha, wati 65. Chaja, ile nilinunua ya bei poa baada ya ya kwanza kukatika waya, inasema volti 19.5, ampia 2.31. Wati 45. Pini inaingia sawasawa kabisa, ndiyo maana sikushuku. Ukiandika tu barua, mashine haili hata 20, chaja inatosha na betri inajaa. Ukianza kutoa video, inataka karibu 60, na hizo 15 zinazokosekana inachota kwa betri. Nilipiga hesabu baadaye na ikaingia karibu sawa kabisa na kile nilipoteza.

Kabla ya kununua betri ya mtu, zima laptopu kabisa uiache kwa chaja nusu saa. Ikipanda ikiwa imezimwa na kushuka ukifanya kazi nzito, shaka chaja kwanza. Volti lazima zifanane. Ampia zikizidi si shida, mashine inachukua inachotaka; zikipungua ndio balaa. Wale wa kuchomeka laptopu kwa chaja ya simu, hii ni yenu pia. Halafu kuna laptopu, Dell kwa mfano, zinazouliza chaja ni nani. Zisipoitambua zinawaka vizuri lakini zinakataa kujaza betri. Kwa Windows, andika powercfg /batteryreport kwa lile dirisha jeusi la amri, ulinganishe uwezo betri ilitoka nao kiwandani na uwezo wa sasa. Yangu ilikuwa 41,000, sasa ni 33,000. Imezeeka, haijafa. Kama betri imefura hadi kibodi inainuka, hapo wacha kuchaji, hiyo ni hatari ya moto, peleka kwa fundi.

Usiku huo sikuwa na chaja nyingine. Nikazima mashine ikajaa hadi saa tisa, kama betri ya guka kule senta. Halafu nikapunguza mwangaza, nikaiweka kwa hali ya kubana matumizi, nikatoa video polepole. Ilifika Lanet saa moja na dakika arubaini asubuhi, betri ikiwa 31.

Jumatatu nikanunua chaja ya wati 65. Jioni nikamtafutia guka ile mechi. Akavuta kiti karibu, akaitazama kuanzia pale picha ilimpotelea. Dakika ya 83, Lineker akaweka mpira kwa penalti. Akasonya. Kisha akaangalia kona ya skrini akaniuliza, "Na sasa inaingia ama inatoka?"

Ilikuwa inaingia. Tukaona hadi mwisho.