Alama 70: Warner Bros. ilipowakabidhi wahakiki bei ya leseni

Mwezi Mei 2004, Jason Hall, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha magemu cha Warner Bros., alitangaza sharti ambalo biashara hiyo haikuwa imelizoea. Kampuni itakayopewa leseni ya kutengeneza gemu kutokana na kazi za Warner itapimwa kwa wastani wa alama za wahakiki. Wastani ukishuka chini ya 70 kwa 100, mrabaha unaodaiwa na Warner unapanda, na ukizidi kushuka, mrabaha nao unazidi. Hoja yake ilikuwa kwamba gemu mbovu inachafua jina la filamu, na anayelichafua jina alipe.

Hoja hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka mmoja kabla, Enter the Matrix, gemu iliyotokana na filamu za Warner, iliingia madukani siku ileile The Matrix Reloaded ilipoanza kuonyeshwa Marekani. Waongozaji wa filamu wenyewe waliiandikia hadithi na kuipigia picha za takriban saa nzima. Ikauzwa kwa mamilioni, lakini wahakiki wengi waliona kazi iliyoepuliwa jikoni kabla haijaiva.

Mimi naona Hall alilijua tatizo akakosea dawa. Alama inasema kazi imeharibika; haisemi nani aliiharibu. Na katika magemu ya leseni, mara nyingi mharibifu amekuwa kalenda ya filamu, ambayo mtoa leseni ndiye anayeishika.

Warner yenyewe ilikuwa na sababu ya kulikumbuka hilo. Mwaka 1982, kampuni ya magemu ya Atari ilikuwa mali ya Warner Communications, kampuni mama ya Warner Bros. Julai mwaka huo Warner ilifikia makubaliano ya kutengeneza gemu ya E.T., filamu ya Steven Spielberg, kwa fedha zinazotajwa kuwa dola milioni 20 hadi 25. Gemu ilitakiwa iwe madukani kabla ya Krismasi. Ukitoa muda wa kiwanda kutengeneza kaseti na kuzisambaza, Howard Scott Warshaw, mtengenezaji magemu wa Atari, alibakiwa na wiki tano hivi za kuiandika. Kwa kawaida gemu ya mashine ya Atari 2600 ilichukua miezi kadhaa. Warshaw hakuwa mwanagenzi: ndiye aliyetengeneza Yars' Revenge, moja ya gemu bora za mashine ile, na Raiders of the Lost Ark. Aliifanya kazi peke yake, akawekewa mtambo wa kazi hadi nyumbani, na akamaliza kwa wakati. Wachezaji wakajikuta wakitumbukia mashimoni, wakipanda, wakitumbukia tena.

Kaseti nyingi zilirudishwa. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, kwa sababu nyingi ambazo E.T. ni moja tu, na Septemba mwaka huo shehena za bidhaa zake zikafukiwa kwenye dampo la Alamogordo, New Mexico. Zilifukuliwa Aprili 2014, Warshaw akiwa amesimama pale akitazama.

Sasa linganisha na GoldenEye 007. Filamu ya James Bond ilitoka Novemba 1995. Gemu ikatoka Agosti 1997, karibu miaka miwili baadaye, filamu ikiwa imekwisha kuondoka kwenye majumba ya sinema. Timu ndogo ya Martin Hollis katika studio ya Rare, Uingereza, wengi wao wakiwa hawajawahi kutengeneza gemu, iliachwa ifanye kazi mpaka iridhike. Hata sehemu ya watu wanne kushindana kwenye televisheni moja, ambayo ndiyo wengi wanaikumbuka, iliongezwa mwishoni. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, na wastani wake kwenye tovuti ya Metacritic ni 96.

Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, ni moja ya tovuti zilizofanya wazo kama la Hall liwezekane. Inakusanya alama za wahakiki, inawapa baadhi yao uzito zaidi bila kutangaza ni kiasi gani, kisha inatoa namba moja. Wakubwa wa kampuni waliipenda namba hiyo kwa sababu inaingia kwenye mkataba kwa urahisi. Mwaka 2010 studio ya Obsidian ilitengeneza Fallout: New Vegas, katika ulimwengu unaomilikiwa na Bethesda, kwa takriban miezi 18. Chris Avellone wa Obsidian alieleza hadharani mwaka 2012 kwamba bonasi ilihitaji alama 85 kwenye Metacritic. Walipata 84. Pengo la alama moja, ambalo hakuna mchezaji awezaye kulihisi mkononi, likawanyima malipo watu waliotengeneza gemu inayopendwa mpaka leo.

Jina la Warner lilikuja kusafishwa na kitu kingine kabisa. Agosti 2009 ilitoka Batman: Arkham Asylum ya studio ya Rocksteady, London. Haikufungwa kwenye tarehe ya filamu yoyote. Hadithi yake iliandikwa na Paul Dini, aliyeyajua maisha ya Batman kutoka kwenye katuni za televisheni, na wastani wake ukapita 90. Mwaka uliofuata, Warner ilinunua sehemu kubwa ya hisa za Rocksteady.