Viza na Hadhi ya Uhamiaji: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Safari ya Marekani

Mzazi aliyealikwa na mwanawe Marekani huweza kuitazama viza iliyo katika pasipoti yake, akaona kwamba inakwisha baada ya mwaka mmoja, akadhani ameruhusiwa kukaa huko mwaka mzima. Kosa hilo hufanywa na watu wema, nalo gharama yake ni kubwa.

Viza

Viza hutolewa na ubalozi wa Marekani nje ya nchi hiyo. Humwezesha msafiri kufika mpakani au uwanja wa ndege na kuomba kuingia. Tarehe yake ya mwisho ni kikomo cha kuitumia kwa kuingia, wala si siku ya kuondoka.

Hadhi

Hadhi huanza pale afisa wa mpakani anapomruhusu msafiri aingie. Afisa huyo ndiye anayeamua mgeni anapokewa kama nani na hadi lini. Uamuzi wake huwekwa katika kumbukumbu iitwayo I-94, ambayo msafiri huweza kuisoma katika tovuti ya serikali. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi 6, hata kama viza yake ni ya miaka kadhaa.

Kinyume chake pia hutokea. Mtawa aliyetumwa huko kwa viza ya watumishi wa dini, yaani R-1, viza yake ikiisha akiwa kazini, bado yupo kihalali, mradi muda wa I-94 haujakwisha naye anaendelea na utume ulioidhinishwa. Lakini akirudi nyumbani kumzika mzazi wake, kwa kawaida atahitaji viza mpya ili aingie tena.

Madhara

Kukaa kupita muda uliopangwa hubatilisha viza. Aliyekaa bila uhalali zaidi ya siku 180, kisha akaondoka, huweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10.

La kufanya

Ukifika, isome I-94 yako na kuiandika tarehe yake mahali salama. Ukihitaji kuongezewa muda, wasilisha ombi kabla ya tarehe hiyo. Penye shaka, muulize mwanasheria wa uhamiaji. Katika majimbo Katoliki mengi ya Marekani, Catholic Charities hutoa msaada huo wa kisheria.