Uchavushaji na Utungisho: Kisa cha Vanila

Miongoni mwa istilahi za elimu ya mimea zinazochanganywa mara kwa mara ni uchavushaji na utungisho. Uchavushaji ni kufikishwa kwa chavua, ule unga wa sehemu ya kiume ya ua, kwenye stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike. Utungisho huja baadaye: chavua huota mrija mwembamba unaoshuka hadi ndani ya ovari, na huko seli ya kiume huungana na yai.

Mchanganyiko huu hatukuuanzisha sisi. Mjerumani Christian Konrad Sprengel, aliyeeleza mwaka 1793 jinsi wadudu wanavyochukua chavua, alitia katika jina la kitabu chake neno lenye maana ya utungisho. Hatumlaumu. Mrija wa chavua haukuonekana ila katika miaka ya 1820, Giovanni Battista Amici wa Italia alipoutazama kwa hadubini. Na muungano wenyewe ulielezwa na Eduard Strasburger mwaka 1884.

Vanila, lavani ya wapishi wetu, yaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mmea huo wa Meksiko ulipopelekwa kisiwa cha Réunion, zamani hizo kikiitwa Bourbon, ulistawi na kuchanua, lakini haukuzaa. Haukuwa tasa. Kati ya chavua na stigma yake pana kiwambo, na wadudu wa kuifikisha chavua hawakuwapo. Charles Morren alikwisha kufaulu kuuchavusha kwa mkono huko Ubelgiji mwaka 1836, ila njia yake haikufaa mashambani. Mwaka 1841, Edmond, mtumwa wa umri wa miaka 12, alikiinua kiwambo kwa kijiti, akaibana chavua kwenye stigma kwa kidole gumba. Basi. Yaliyosalia mmea uliyafanya wenyewe.

Njia hiyo ilienea hadi Komoro na Bukini, na ingali ikitumika. Edmond alipata uhuru mwaka 1848 pamoja na jina la Albius. Alifariki mwaka 1880, hali maskini.

Wako wanaopendelea kusema urutubishaji kwa yote mawili. Sisi tunasita. Ua la vanila hudumu siku moja tu. Mkulima wa Kagera akiandikiwa kwamba maua yasiporutubishwa hayazai, atakwenda kutafuta samadi, na jioni ua litakuwa limekwisha kunyauka.