Papasi katika Njia ya Misafara ya Tabora

Tutajapo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, huwa twakumbuka pembe za ndovu, vitambaa, shanga na, kwa masikitiko, watumwa. Ni nadra kumtaja msafiri mwingine aliyepita na mizigo hiyo bila kumlipa mtemi yeyote hongo. Huyo ni papasi.

Papasi si kunguni, ingawa wote wawili hutoka usiku kumnyonya aliyelala na kurudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Kunguni hupenda kitanda, katika maungo ya mbao na kamba. Mwenye nyumba aweza kukitoa juani, akakimwagia maji ya moto, akapata nafuu ya siku kadhaa. Papasi, aliye wa jamii ya kupe, hukaa katika nyumba yenyewe: katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta. Aweza kustahimili njaa kwa miaka. Tena kunguni huudhi tu, lakini papasi huambukiza homa inayopanda kwa siku chache, ikapoa, kisha ikarudi. Homa hiyo huweza kuua, na mara nyingi huharibu mimba.

Mdudu huyu hana mabawa, na mwendo wake ni wa taratibu. Basi alieneaje? Kwa maoni yetu, jibu kubwa limo katika kambi za njiani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilala katika vibanda vilivyoachwa na msafara uliotangulia. Asubuhi walikunja mikeka na kujitwika mizigo, pamoja na chochote kilichojificha ndani. Tabora ilikuwa makutano ya njia, mahali pa kupumzika na kungoja. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji huo, tangu Februari hadi Agosti 1872, akingojea wapagazi. Nyumba za huko zilikuwa tembe, zenye kuta nene na paa bapa la udongo. Tembe ni ujenzi wa busara: huwa na ubaridi mchana na joto usiku, wala haliungui upesi. Lakini sifa hizo hizo zilimfaa papasi. Ukiwasha moto, udongo hauungui. Ukifukiza moshi, yeye huzama ndani ya ufa. Ukikandika upya, udongo hukauka ukapasuka tena. Hata aliyehama alibeba mikeka ile ile.

Livingstone aliandika juu ya kuumwa na papasi huko Angola katika kitabu chake cha 1857, lakini uthibitisho wa maabara ulichelewa mpaka 1904 na 1905. Ross na Milne walifanya kazi hiyo Uganda. Dutton na Todd waliifanya Kongo, ambako Dutton mwenyewe alifariki Februari 1905 kwa homa hiyo. Mwaka huo huo Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani ambalo leo ni Tanzania bara, aliwakuta papasi katika vituo vya njia za misafara, akaonyesha kwamba vijidudu vya homa hupita hata katika mayai yao. Aliwashauri wasafiri wasilale katika vibanda vya zamani. Shauri jema kwa mwenye hema. Mpagazi hakuwa nalo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ikakoma. Papasi hawakuondoka nayo, kwani walikwisha kuwa wenyeji wa nyumba. Huko Mvumi, Dodoma, katika nchi ya tembe, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuzinyunyizia nyumba dawa kulipunguza homa hiyo kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Hata hivyo dawa huisha nguvu, nayo sharti irudiwe. Sakafu ya saruji na kuta zisizo na nyufa humnyima papasi maficho kwa muda mrefu zaidi, ila saruji hununuliwa, na udongo huchimbwa bure nyuma ya nyumba.