Vanila na Mkono wa Edmond: Historia ya Mmea Utambaao Nje ya Kwao

Mtu anayetunza mmea utambaao wa nchi za joto ndani ya nyumba hulazimika kufanya kazi ya msitu. Huusimikia mti wa kukwea, huunyunyizia maji kwa sababu hewa ya ndani ni kavu, na huukinga na jua kali kwa sababu kwao hukua chini ya kivuli. Mimea mingi huridhika na hayo. Vanila huhitaji zaidi: ili izae, lazima mtu ashike nafasi ya nyuki. Insha hii inaeleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana, na inatetea hoja kwamba maarifa yaliyoieneza vanila duniani, hadi hapa Uganda, yalipitia mikononi mwa watunzaji kuliko katika maandishi ya wataalamu.

Vanila ni ya jamii ya okidi. Asili yake ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako Watotonaki wa eneo la Veracruz waliitumia kabla ya Wahispania kufika katika karne ya 16. Waazteki, waliowashinda Watotonaki, waliitia katika kinywaji cha kakao, na kwa njia hiyo Wazungu wakaionja. Shina lake nene la kijani hukwea mti kwa kujishikiza na mizizi ya hewani. Ua lake hufunguka asubuhi na kufumba siku hiyo hiyo. Ndani ya ua, utando mwembamba hutenga chavua na sehemu ya kike, kwa hiyo ua hujichavusha lenyewe kwa nadra sana. Huko kwao kazi hiyo hufanywa na nyuki wa misitu hiyo.

Wazungu walipochukua vipandikizi vya vanila, hawakuchukua nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 19, vanila ilichanua London katika nyumba ya kioo ya Charles Greville, na vipandikizi kutoka hapo vikafika Ubelgiji na Ufaransa. Kufikia mwaka 1822, vanila ilikuwa imepelekwa pia katika kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion ya leo, kilichokuwa koloni la Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Mmea ulistawi na kutambaa, hata ukachanua, lakini karibu haukuzaa kabisa. Mwaka 1836, Charles Morren, profesa wa botania mjini Liège, alifaulu kuchavusha maua ya vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya kioo. Aliandika kuhusu ugunduzi wake, na wataalamu wakausoma. Hata hivyo, haukubadili chochote mashambani, na Meksiko iliendelea kuongoza kwa kuuza vanila.

Mabadiliko yalitoka Bourbon. Edmond alizaliwa utumwani mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa, naye akalelewa katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, bwana aliyependa sana mimea. Edmond hakusomeshwa shule. Alifuatana na bwana wake bustanini, na huko akafundishwa kuchavusha kwa mkono mmea wa jamii ya maboga. Katika shamba hilo palikuwa na mvanila uliokaa karibu miaka 20 bila matunda. Mwaka 1841, Bellier-Beaumont aliona matunda mawili yakining'inia. Edmond, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alisema kwamba ni kazi yake. Bwana hakusadiki mpaka alipoonyeshwa. Kijana alipasua ua, akainua ule utando kwa kijiti, kisha kwa kidole gumba akaisukuma chavua hadi ikagusana na sehemu ya kike.

Njia hiyo haikuhitaji nyumba ya kioo wala kitabu. Kijiti hakikugharimu kitu, kazi ilichukua sekunde chache, na aliyeiona mara moja aliweza kuirudia. Wenye mashamba jirani walimwita Edmond awafundishe watumwa wao. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Réunion ilikuwa imeipita Meksiko, na kilimo hicho kilikuwa kimeenea hadi Madagaska na Komoro.

Je, kweli Edmond ndiye mgunduzi? Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea kisiwani humo, alidai kwamba yeye ndiye aliyeionyesha njia hiyo miaka michache kabla. Dai hili linastahili kupimwa, kwa kuwa ni kweli Ulaya ilikuwa imekwisha kuwapo njia ya kuchavusha vanila kwa mkono. Lakini kama wakulima wa Bourbon walikuwa wameonyeshwa, kwa nini vanila zao ziliendelea kukaa bila matunda hadi mwaka 1841? Bellier-Beaumont mwenyewe, ambaye angeweza kujitwalia sifa, aliandika kumtetea Edmond. Ushahidi wa mtu anayekataa faida yake una uzito.

Sifa hiyo haikumfaa Edmond maishani. Utumwa ulipokomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, alipewa jina la ukoo, Albius, lakini hakupewa ardhi wala malipo. Baadaye alifungwa kwa kosa la wizi, akaachiliwa kabla ya kumaliza kifungo. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini, katika kisiwa kilichokuwa kikitajirika kwa kazi ya kidole chake.

Historia hii inatuhusu. Katika wilaya za Mukono, Kayunga na Bundibugyo, vanila hukwea miti ya mbono, ambayo Waganda huiita ekiroowa, mara nyingi katikati ya migomba na kahawa karibu na nyumba. Majira ya maua yakifika, watu huamka mapema na kupita ua kwa ua, kwa sababu ua lisiloshikwa leo halipo kesho. Baada ya hapo podo hukaa takriban miezi 9 kabla ya kukomaa. Bei ilipopanda sana mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walikimbilia zao hili, na bei ilipoanguka wengi waliling'oa. Katika kupanda na kushuka huko, hakuna mashine iliyochukua nafasi ya mkono. Anayepanda vanila katika chungu barazani hufuata kanuni ile ile: udongo mwepesi usiotuamisha maji, nguzo ya kukwea, mwanga uliochujwa, subira ya miaka mitatu hivi, na kijiti mkononi asubuhi ya maua.

Kwa kuhitimisha, Morren alieleza jinsi ua la vanila linavyoweza kuzaa; Edmond aliwapa watu njia ya kulizalisha. Vitabu vya historia vina mazoea ya kumtaja wa kwanza kuwa mtaalamu na wa pili kuwa mtumwa mwenye bahati. Lakini mtoto aliyehamisha somo la ua la boga hadi kwenye ua la okidi, lenye umbile tofauti kabisa, hakubahatisha. Alichunguza, akalinganisha, akajaribu. Hiyo ndiyo sayansi, hata kama haikuandikwa, na mkulima wa Mukono anayeirudia kila msimu ni mrithi wake.