Changu, Mgodi na Bomu: Neno Moja la Kiingereza katika Nchi ya Dhahabu

Mwanafunzi wa sekondari akifungua kamusi ya Kiingereza na kulitafuta neno "mine", atakuta maana tatu zilizopangwa chini ya herufi zile zile nne. Ya kwanza ni ya umilikaji: changu, yangu, langu, wangu. Ya pili ni mgodi, yaani mahali pachimbwapo madini. Ya tatu ni bomu linalozikwa ardhini au kutegwa majini ili limlipukie apitaye. Mwalimu huzieleza maana hizi kwa haraka, huwataka wanafunzi wazitungie sentensi, kisha somo huendelea. Lakini kwa mtu wa Shinyanga, Kahama au Geita, maana hizo si zoezi la kamusi tu. Katika nchi hiyo watu wameishi kwa zaidi ya miaka 80 na swali moja: kilichomo chini ya ardhi ni cha nani? Yafaa basi tulichunguze neno hili, tuone limetoka wapi, na tuone Kiswahili chetu kinasema nini pale Kiingereza kinaposema neno moja.

Yatupasa kwanza tufahamu kwamba "mine" ya umilikaji na "mine" ya mgodi si ndugu wa damu. Zimefanana sura kama wafananavyo wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja, ilhali kila mmoja ana kwao. Ile ya kwanza ni neno la asili la Kiingereza, la ukoo mmoja na neno "mein" la Wajerumani. Ile ya pili iliingia Uingereza kutoka lugha ya Kifaransa, katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066, na wataalamu wengi wa lugha huamini kwamba Wafaransa nao walilirithi neno hilo kutoka lugha za Wakelti.

Ile ya tatu ni mtoto wa ya pili, na kuzaliwa kwake ni habari ya vita. Zamani za ngome za mawe, jeshi lililoshindwa kuupanda ukuta lilichimba njia chini yake. Wachimbaji walitegemeza dari ya njia hiyo kwa magogo, kisha wakayatia moto; magogo yakiteketea, ardhi ilididimia na ukuta ukaporomoka. Baruti ilipojulikana Ulaya, mapipa ya baruti yakachukua nafasi ya moto wa magogo. Kazi hiyo iliendelea hata katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 7 Juni 1917, huko Messines katika nchi ya Ubelgiji, jeshi la Waingereza lililipua mashimo 19 yaliyosheheni baruti chini ya mahandaki ya Wajerumani, na miongoni mwa waliochimba mashimo hayo walikuwamo wachimbaji wa makaa ya mawe walioacha migodi ya kwao. Hivyo jina la shimo likawa jina la kilichotiwa shimoni, na hatimaye likabaki kuwa jina la bomu lenyewe hata pasipokuwa na shimo la kustahili kutajwa.

Nchi yetu nayo imeandika ukurasa wake katika habari za maana hii ya tatu. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa baruti iliyofukiwa ardhini. Panya hao walipelekwa Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza la kuwatunza wanyama. Twaweza kusema kwamba panya huyo alizifichua "mine" za maana ya tatu, akatuzwa zao la "mine" ya maana ya pili.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili hakikuyaweka mambo haya matatu katika chungu kimoja. Kwa maana ya pili tuna mgodi na machimbo. Kwa ya tatu twasema bomu la kutegwa ardhini. Kwa ya kwanza tuna kimilikishi chenye kiini "-angu". Kitenzi chetu "chimba" nacho kina kizazi chake: mchimbaji, uchimbaji, chimbo. Tena tunalo neno chimbuko, ambalo ni asili ya jambo, mahali lilipochomozea. Kwa hiyo Mswahili akichimba kwa maneno hufika kwenye asili. Na wahenga, waliojua kwamba shimo ni silaha, walituonya kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapo maana ya mgodi na maana ya bomu zilikutana katika methali yetu bila ya kuazima neno la mtu.

Lakini tofauti kubwa iko katika maana ya kwanza. Mwingereza aweza kunyosha kidole na kusema "mine", akanyamaza, na sentensi yake ikawa imekamilika. Kitu chochote kiwacho, kikubwa au kidogo, neno halibadiliki. Kiswahili hakimpi mtu ruhusa hiyo. Kiini "-angu" hakisimami peke yake. Sharti kipate kichwa, na kichwa hicho hutolewa na ngeli ya kitu kinachotajwa. Dhahabu ni yangu, mgodi ni wangu, shimo ni langu, chakula ni changu, nguvu ni zangu, mahali ni pangu. Asemaye kwa Kiswahili hulazimika kujua anadai kitu gani kabla ya kukidai. Sarufi hii, ambayo wanafunzi huiona kuwa ni mzigo wa mtihani, ina hekima ndani yake, na historia ya nchi ya almasi na dhahabu yaionyesha hekima hiyo waziwazi.

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, aligundua almasi pale Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga. Mwamba wenye almasi hizo umeenea juu ya ardhi kwa eneo la hekta zipatazo 146, nao huhesabiwa miongoni mwa miamba mikubwa ya namna hiyo duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mtoaji alitoa alichokihesabu kuwa chake, na kwa sheria ya siku zile hakukosea. Lakini mtu wa Mwadui aliyeshika sururu angeweza kuuliza kwa haki: ni kipi hasa kilichokuwa chake? Leseni ilikuwa yake. Elimu na subira ya kutafuta vilikuwa vyake. Je, ardhi nayo? Je, jiwe lililolala humo kabla hajazaliwa yeyote kati yetu? Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo kampuni yake ikanunuliwa kwa hisa sawa na De Beers na Serikali ya Tanganyika. Kwa mara ya kwanza, nusu ya Mwadui ikaandikwa kwa jina la nchi.

Mwaka huo wa 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliandika makala aliyoiita Mali ya Taifa. Alieleza humo kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote. Mtu akifyeka msitu na kulima, kazi ile ya kufyeka na thamani iliyoongezeka ni zake, lakini ardhi yenyewe haiwi yake. Tazama jinsi hoja hiyo inavyokwenda sambamba na ngeli za Kiswahili: jasho ni langu, shamba nililofyeka ni langu maadamu nalitumia, lakini ardhi ni yetu.

Tuvuke sasa twende Geita. Habari za dhahabu ya huko zilijulikana tangu enzi ya Wajerumani, na mgodi wa Geita ulifanya kazi toka mwaka 1936 hadi 1966. Ulipofungwa, dhahabu haikuondoka, wala watu hawakuacha kuitafuta. Wachimbaji wadogo walienea katika nchi hiyo, nao wakaunda msamiati wao. Shimo lao huliita duara. Mashine ya kusagia mawe ni karasha. Mahali pa kuoshea ni mwalo. Na mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una chembe za dhahabu, ni marudio.

Katika duara swali la "changu" halijibiwi kwa neno moja. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye shamba, yupo mwenye duara ambaye hutoa chakula na zana, na wapo wanaoshuka chini. Mawe yakitoka hugawanywa kwa mifuko, na kila mmoja huondoka na sehemu yake kwa kadiri ya mapatano. Hata marudio yana mwenyewe, na mara nyingi huwa ni mwenye karasha, wala si aliyeyachimba mawe. Mgao huo si wa haki siku zote. Ashukaye chini hubeba hatari kubwa kuliko wote, ya kifusi, ya hewa mbaya na ya zebaki, na huenda mfuko wake ukawa ndio mdogo. Lakini walau kila anayedai hulazimika kutaja anachokidai: leseni yangu, shamba langu, zana zangu, jasho langu.

Maana hizo zilipogongana, watu waliumia. Mwezi Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, wilayani Kahama wakati ule, waliamriwa kuondoka ili kuipisha kampuni iliyopewa haki ya kuchimba. Mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Geita nako mgodi mpya ulikuwa umefunguliwa mwaka 2000. Kampuni ilisema "wangu" kwa kushika karatasi. Mchimbaji alisema "langu" kwa kulionyesha shimo. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kutaja, na hapakuwapo mizani ya kuvipima vitu viwili visivyo vya ngeli moja. Ugomvi wa namna hii hulala ardhini kama bomu la vita vilivyopita: walioutega huondoka, na wapitao baadaye ndio wanaolipukiwa.

Sheria zetu zimelijibu swali hili hatua kwa hatua. Sheria ya Madini ya 1979 iliyaweka madini mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Sheria ya 1998 ilifungua mlango kwa mitaji mikubwa ya kigeni, na mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3. Sheria ya 2010 ikaufanya asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakaufikisha asilimia 6. Mwaka huo wa 2017 taifa zima lilijifunza neno makinikia, baada ya Rais John Magufuli kuzuia usafirishaji wa mchanga wenye madini, na makontena 277 kukutwa yamezuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Sheria zilizotungwa mwaka huo zikatamka kwamba utajiri wa asili ni mali ya wananchi, na kwamba Rais huushika kwa niaba yao kama mdhamini. Zikaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kutokana na mapatano ya mwaka 2019 baina ya Serikali na kampuni ya Barrick ikazaliwa kampuni ya pamoja ya Twiga, yenye mgao wa asilimia 84 kwa 16. Mwaka huo huo lilifunguliwa Geita soko la madini, ambamo mchimbaji mdogo aweza kuuza dhahabu yake mbele ya mizani ya halali.

Hata hivyo sheria kusema "yetu" si mwisho wa kazi. Yetu isiyotajwa ni ya kina nani hasa yaweza kuwa tupu kama "mine" iliyonyamazishwa. Ni ya kijiji kilichohamishwa? Ni ya wilaya inayopokea ushuru? Ni ya mtoto wa Lindi asiyewahi kuiona Geita? Mdhamini ni mtu mwenye kushika mali ya wengine, na mwenye mali anayo haki ya kuuliza hesabu.

Wale wanaofundisha lugha wanaweza kuanzia darasani. Mwalimu akifika kwenye neno "mine", asiridhike na sentensi tatu za kamusi. Awaulize wanafunzi waikamilishe kwa Kiswahili kauli ya kila mmoja: ya mwenye leseni, ya mwenye shamba, ya mshika sururu, ya kampuni, ya taifa. Watagundua kwamba hawawezi kutamka "-angu" mpaka wamekitaja kitu, wala "-etu" mpaka wamewajua wenzao. Darasa linaloyazoea maswali hayo litatoa wanasheria, wahasibu, wachimbaji na wapiga kura wanaojua kudai hesabu ya kilicho chao kwa jina lake.