Mvua Nyeusi: Shajara Iliyonakiliwa kwa Ajili ya Mshenga

Ukiambiwa kwamba filamu inahusu bomu la Hiroshima, unategemea moto na maiti. Katika Mvua Nyeusi (1989) ya Imamura Shohei vyote vimo, lakini mlipuko wa tarehe 6 Agosti 1945 tunauona mapema tu, kisha hadithi inarukia mwaka 1950, kijijini, ambako mgogoro mkuu ni posa.

Yasuko ni mwari anayelelewa na mjomba wake, Shigematsu. Kila posa inavunjika, kwani watu wamesikia kuwa alikuwa Hiroshima. Basi mjomba anaamua kunakili shajara za siku zile, ili mshenga asome na kuridhika kwamba binti hakuwamo mjini bomu lilipolipuka. Na kweli hakuwamo. Tatizo ni kwamba shajara zile zile zinasema mvua nyeusi ilimnyeshea akiwa mashuani, na kwamba baadaye alikatiza kwa miguu mji ulioungua. Katika riwaya ya Ibuse Masuji (1965–66), ambayo ndiyo chimbuko la filamu, mke wa mjomba anashauri sehemu ya mvua iachwe. Hebu tujiulize: ushahidi uliopunguzwa bado ni ushahidi?

Wanakijiji tusiwalaumu haraka. Tangu Septemba 1945 hadi 1949 Wamarekani walioikalia Japani walidhibiti magazeti na vitabu, na habari za madhara ya bomu zilibanwa. Mahali pa taarifa pakajaa uvumi. Sheria ya matibabu ya waathirika ilikuja 1957. Kwa Yasuko wa 1950, cheti cha daktari na daftari la mjomba ndizo silaha pekee, tena butu.

Halafu kuna Yuichi, askari wa zamani aliyevurugika akili: akisikia injini ya gari anadhani ni kifaru, anajitupa barabarani kukishambulia. Katika riwaya hayumo. Imamura alimtoa katika hadithi nyingine ya Ibuse. Wapo watakaosema amepachikwa tu. Mimi naona ndiye mhusika anayeikamilisha dhamira, maana huyu hahitaji kusoma shajara ya mtu ndipo ampende Yasuko.

Imamura alipiga pia sehemu ya rangi, Yasuko akiwa katika hija miaka mingi baadaye, akaiondoa. Filamu inaishia gari la wagonjwa likimchukua, mjomba akingojea upinde wa mvua wenye rangi utokee angani, katika picha ambayo ni nyeusi na nyeupe.